Simu ya Bure, Jibu la Gharama

Kwa miaka 14 redio ya umma ya jimbo la Wisconsin, Marekani, iliwajibu watu maswali ya mbwa na paka wao. Nyuma ya majibu hayo kulikuwa na ombi la fedha ambalo wengi hulichoka, lakini ndilo linaloyafanya majibu yaaminike.

Paka aliyeacha kujisaidia kwenye kisanduku chake cha mchanga na kuhamia kwenye zulia la sebuleni si habari ya taifa. Hamwangushi waziri, hapandishi bei ya mafuta. Kwa mwenye zulia, hata hivyo, ni balaa. Mgeni akiingia anakunja pua, baba wa nyumba anataka paka aondoke leo hii, watoto wanalia. Daktari wa mifugo ndiye wa kuonwa kwanza, maana paka dume anayehangaika kukojoa huenda njia yake ya mkojo imeziba, na asipotibiwa upesi hufa. Daktari akishasema mnyama ni mzima, swali linageuka kuwa la tabia. Je, mchanga umebadilishwa? Kisanduku kimewekwa kando ya mashine ya kufulia inayonguruma? Kuna paka mwenziwe anayemvizia njiani?

Marekani, wenye maswali ya namna hiyo walikuwa na mahali pa kupiga simu. Kipindi kiliitwa Calling All Pets. Kilitayarishwa na Wisconsin Public Radio, redio ya umma ya jimbo hilo la kaskazini, kikadumu miaka 14 na kusikika katika miji zaidi ya 110. Kusikiliza kulikuwa bure, na hakuna aliyeulizwa risiti kabla ya kujibiwa. Lakini redio za umma za nchi ile zina majira yao ya kusimamisha vipindi na kusema bila kuzunguka: tunaomba mchango wenu.

Majira hayo huwakera hata wasikilizaji waaminifu. Mtu amewasha redio asikie habari ya mbwa anayeogopa radi, anakutana na watangazaji wawili wakihesabu simu zilizopigwa na kuahidi kikombe au mfuko wa kitambaa kwa atakayechangia. Wengine huzima. Ombi hilo linastahili kutetewa, na hakuna mahali linapoeleweka vizuri kuliko kwenye kipindi cha wanyama wa nyumbani, kitu ambacho hakuna serikali wala kampuni iliyolazimika kukigharamia.

Redio iliyozaliwa kwa wakulima

Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na jina lake la utani ni la maziwa pia. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wanafizikia wa chuo kikuu cha jimbo, mjini Madison, walikuwa wakijaribu mitambo ya redio kwa alama ya 9XM. Mwaka 1922 kituo hicho, chimbuko la Wisconsin Public Radio, kikapewa jina la WHA. Chuo kiliweka kibao kinachokitaja kuwa redio kongwe kuliko zote nchini, dai ambalo mashabiki wa KDKA ya Pittsburgh, iliyotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais mwaka 1920, hawalikubali.

Ukongwe wabishane wao. Muhimu zaidi ni kazi ambayo kituo kilijipa. Chuo kile kilikuwa na falsafa kwamba mipaka yake si ukuta wa madarasa bali ni mipaka ya jimbo zima: alichokigundua profesa kimfikie mkulima aliye kilomita mia tatu kutoka maktaba. Kwa hiyo redio ilitangaza hali ya hewa na bei za soko la mazao. Mwaka 1931 ikaanzisha masomo kwa shule za vijijini, na watoto waliokuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa yote wakafundishwa muziki na sayansi kupitia spika.

Katika mkondo huo ndipo alipotokea Larry Meiller. Alianza redioni miaka ya 1960 akitangaza habari za kilimo, na chuoni akafundisha mawasiliano ya sayansi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kipindi cha wanyama, na kazi yake ilikuwa kuuliza kama mtu wa kawaida. Aliyeketi upande wa pili, mwenye kujibu, alikuwa Patricia McConnell, mwanasayansi wa tabia za wanyama mwenye shahada ya uzamivu kutoka chuo hicho hicho, aliyeishi shambani na kondoo wake na mbwa wa kuwachunga.

Mtafiti aliyesikiliza wachungaji

McConnell hakuletwa redioni kwa sababu ya kupenda mbwa tu. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu jambo ambalo kila mfugaji analifanya bila kulifikiria, yaani sauti anazomtolea mnyama. Aliwarekodi watu wa lugha nyingi wanaofanya kazi na farasi na mbwa, akakuta utaratibu ule ule ukijirudia kwa watu wasiojuana kabisa. Anayetaka mnyama aongeze mwendo au aje, hutoa sauti fupi fupi zinazorudiwa haraka. Anayetaka mnyama apunguze mwendo au asimame, huvuta sauti moja ndefu.

Aliyewahi kuwaita kuku wa nyumbani kwao wakati wa kuwamwagia mtama atakubali upesi. Hakuna anayewaita kwa sauti moja ya kuvuta, bali hurudia kisauti kifupi mpaka wote wamefika miguuni. McConnell hakuishia kwenye kurekodi. Aliwafundisha watoto wa mbwa kwa milio ya aina mbili, akaona kwamba milio mifupi inayopanda iliwachangamsha na kuwafanya waje kuliko mlio mmoja mrefu unaoshuka. Mwenye mbwa anayesimama mlangoni akivuta jina la mbwa wake kwa hasira huku mnyama amesimama mbali akimtazama, hapo anapata maelezo: mdomo unasema njoo, sauti inasema simama.

Mwaka 2002 alichapisha kitabu, The Other End of the Leash, ambacho hoja yake kubwa ni kwamba katika mkasa wa mbwa na mwenye mbwa, wa kuchunguzwa kwanza ni mwenye mbwa. Binadamu ni jamaa ya nyani, na nyani huonyeshana mapenzi kwa kukumbatiana kifua kwa kifua. Mbwa haoni hivyo. Mtu asiyemjua akimwinamia, akamtazama machoni na kumzungushia mikono shingoni, mbwa anaona anatishwa. Mtoto anang'atwa, watu wazima wanasema mbwa ameng'ata bila sababu, kumbe sababu ilikuwepo tangu mwanzo.

Hilo ndilo lililokuwa likisafiri kwenye mawimbi yale, elimu ya maabara kwa lugha ya jikoni. Ili limfikie msikilizaji lilihitaji mtangazaji, mtaalamu, mtu wa kupokea simu, fundi mitambo, mnara na umeme. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na redio nayo haiendeshwi na mapenzi matupu.

Ombi lilivyoanza

Wazo la kumfanya msikilizaji awe mlipaji wa hiari lina historia yake, na inaanzia California. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Lewis Hill, mpinga vita aliyewahi kufanya kazi redioni, aliunda taasisi aliyoiita Pacifica. Tarehe 15 Aprili 1949 kituo chake, KPFA, kikaanza kutangaza mjini Berkeley. Hakikuchukua matangazo ya biashara na hakikuwa cha serikali. Hill alipiga hesabu kwamba asilimia mbili tu ya watu wanaoweza kukipata wakilipa dola kumi kwa mwaka, kituo kitasimama.

Hesabu hiyo iliteleza mapema. Mwaka uliofuata fedha ziliisha na kituo kikazima mitambo. Wasikilizaji walipobaki na ukimya ndipo walipojua walichokuwa wakipewa, wakachangishana, na mwaka 1951 KPFA ikarudi hewani. Tangu hapo redio nyingi zimeiga mbinu ile. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya utangazaji wa umma, likaundwa shirika la kupeleka fedha za serikali kuu kwa vituo. Mwaka 1970 ikaanzishwa NPR, mtandao unaoviunganisha. Lakini fedha za serikali hazikukusudiwa kutosha peke yake. Vituo viliendelea kuomba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni vyema kutenganisha mambo mawili. Sauti ya Amerika, ambayo wengi wetu tumeisikiliza kwa Kiswahili, ilianzishwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya wasikilizaji wa nchi za nje. Redio za umma tunazozizungumzia ni za Wamarekani wenyewe, kila mji au jimbo na yake, nyingi zikiwa chini ya vyuo au taasisi zisizo za biashara. Si mali ya chama wala ya tajiri.

Nani hapaswi kulipa

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kipindi cha mbwa na paka kiombe senti kwa wasikilizaji wakati kuna kampuni kubwa zinazouza vyakula vya wanyama, dawa za viroboto, kola na vitanda vya mbwa? Si wangefurahi kukidhamini?

Wangefurahi, na shida inaanzia hapo hapo. Tuseme msikilizaji anapiga simu na kusema mbwa wake anajikuna usiku kucha. Pengine jibu la kweli ni kubadilisha chakula, na chakula anachokula sasa ni cha mdhamini. Pengine ni kutonunua kitu chochote, bali kumtembeza mbwa saa moja kila siku kwa sababu anachoka kwa kukosa kazi. Ushauri wa namna hiyo hauna faida dukani. Mtaalamu anayelipwa na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu, lakini msikilizaji hana njia ya kujua, na shaka hiyo peke yake inatosha kuharibu ushauri.

Sheria za Marekani zimeliona hilo. Redio za umma zinaruhusiwa kutaja jina la kampuni iliyochangia na kusema kwa ufupi inafanya nini. Haziruhusiwi kutaja bei, kulinganisha bidhaa na za wengine, wala kumhimiza msikilizaji aende akanunue. Udhamini upo, ila umefungwa breki. Pengo linalobaki huzibwa na msikilizaji. Anapotoa dola tano kwa mwezi hanunui kikombe. Ananunua uhakika kwamba aliyejibu hakuwa na kitu cha kumuuzia.

Ndiyo maana watangazaji wanaojua kazi yao hawaombi kwa kulia njaa. Wanamkumbusha msikilizaji alichokipata, labda mbwa aliyekuwa apelekwe kwenye kituo cha wanyama walioachwa na sasa analala miguuni pa mwenyewe. Halafu wanamwambia kazi ile ina gharama, na sehemu ya gharama ni yake. Ombi la namna hiyo ni kama hesabu inayosomwa mbele ya wenye mali.

Mchango usio na kamati

Watu wa huku kwetu hawahitaji kufundishwa kuchanga. Kadi ya mchango wa harusi inafika ofisini, mwezi mmoja baadaye mweka hazina wa kamati anapiga simu, na jina la asiyetoa linajulikana kabla ya keki kukatwa. Redio haina kamati ya namna hiyo. Anayechangia na asiyechangia wote wanasikia kipindi kile kile, kwa sauti ile ile, na hakuna anayewajua. Ndiyo sababu wanaotoa huwa wachache kuliko wanaosikiliza, na ndiyo sababu ombi lazima lirudiwe hadi lichoshe.

Vituo vimebuni njia za kulipunguza. Kuna uchangiaji wa kila mwezi unaokatwa benki kimya kimya. Kuna tajiri anayeahidi kwamba kila dola itakayotolewa saa hiyo naye ataiongezea dola. Kuna wanaotoa gari bovu lililolala uani, linauzwa na fedha zinakwenda redioni. Kuna wanaoandika wasia: mwaka 2003 NPR ilipata zaidi ya dola milioni 200 zilizoachwa na Joan Kroc, mjane wa aliyeikuza McDonald's.

Hata hivyo hiari ina upungufu ambao mtetezi wake hapaswi kuuficha. Palipo na wasikilizaji wengi wenye kipato, mchango unatosha na kubaki. Palipo na watu wachache na maskini, wanaweza kuipenda redio yao kuliko watu wa mjini na bado wasiweze kuilipia.

Mfano uko Bethel, mji wa magharibi ya Alaska usiounganishwa kwa barabara na sehemu nyingine za nchi. Redio yake, KYUK, hutangaza kwa Kiingereza na kwa lugha ya Wayup'ik, wenyeji wa eneo hilo. Hutangaza pia mashindano ya Kuskokwim 300, ambapo mbwa huvuta sleji juu ya barafu, na huko mbwa ni fahari ya familia. Takriban asilimia 70 ya bajeti ya kituo hicho ilitoka serikali kuu, wakati wastani wa redio za umma nchini ulikuwa kama asilimia kumi tu.

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa kwa utangazaji wa umma kwa miaka miwili. Tarehe 1 Agosti shirika lililoundwa na sheria ya 1967 likatangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake. Oktoba mwaka huo, mabaki ya kimbunga Halong yakavipiga vijiji vya pwani katika eneo la Bethel, nyumba zikaelea, na watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Katika mkasa kama huo redio hueleza maji yamefika wapi na ndege itatua saa ngapi. Baada ya fedha za serikali kufutwa, Wamarekani wengi waliongeza michango kwa vituo vyao, na ni jambo la kupongezwa. Lakini mchango wa hiari hauwezi kuwa kisingizio cha serikali kunawa mikono. Fedha za umma zijenge mnara na kulipa umeme, ili pasiwe na kijiji kisichosikia, na mchango wa msikilizaji ulinde kinywa cha anayezungumza. Kimoja kikikosekana, kingine kinalemewa.

Kadi za salamu na kichaa cha mbwa

Wapo watakaosema hayo ni ya Wamarekani, kwamba Mswahili hawezi kuilipia redio. Wamesahau kadi za salamu. Kwa miongo kadhaa, wasikilizaji wa Kenya na Tanzania walinunua kadi kwa fedha zao, wakazijaza majina ya jamaa na marafiki, wakazituma kituoni ili mtangazaji azisome. Wapenzi wa salamu waliunda vilabu, wakatembeleana mikoa kwa mikoa, wakazikana. Walilipa ili wasikike, na redio ikawa yao. Pengine kinachokosekana leo ni kitu kinachostahili kulipiwa.

Kipindi cha wanyama wa nyumbani kinaweza kuwa kitu hicho. Lamu kingeanza na paka wa vichochoroni na punda wanaobeba mchanga wa ujenzi. Bara kingeanza na mbwa wa ulinzi anayefungwa mnyororo mchana kutwa, kisha watu wakashangaa kwamba amekuwa mkali. Mama wa mjini angeuliza kuhusu sungura wa watoto, na Muislamu angeuliza afanyeje ili mbwa wa mlinzi asimguse anapokwenda msikitini.

Na kabla ya tabia kuna uhai. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na ni mbwa wanaowaambukiza karibu wote. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Lakini jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa akawahi hospitali kupata chanjo, kifo huzuilika. Mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya iliweka mwaka 2014 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030. Bango la ukutani haliwezi kujibu swali la mzazi ambaye mwanawe ameng'atwa na mbwa wa jirani jioni hii. Mtaalamu aliye hewani anaweza.

Kipindi kama hicho kikija, tusikiache mikononi mwa muuza chakula cha mbwa, wala tusikisubiri kwenye bajeti ya wizara peke yake. Kituo kitangaze wazi gharama ya saa moja hewani: mtaalamu kiasi gani, umeme kiasi gani, simu kiasi gani. Kitaje namba ya kutuma mchango, na mwisho wa mwezi kisome kilichopatikana na kilichotumika. Mwenye shilingi mia tano atume, asiye nayo asikilize bila kuona haya, maana hata yeye jirani zake wana mbwa. Redio zetu zimezoea kuwaomba wasikilizaji wapigie kura wimbo wa wiki kwa ujumbe wa simu unaokatwa salio. Zinaweza kuwaomba pia walipie jibu la kweli, mradi kwanza ziwe nalo.